JE, UNAIJUA LUGHA YA BENDERA NA NEMBO?

Murangi ni kata ya Musoma Vijijini, kando ya Ziwa Victoria. Mvuvi wa huko ana maneno mengi ya chombo na tanga. Pengine hajui kwamba maneno hayo hayo ndiyo lugha ya bendera.

Mti unaobeba tanga huitwa mlingoti. Mti unaobeba bendera pia huitwa mlingoti. Tanga hutwekwa, na bendera hutwekwa. Siku hizi wengi husema "kupandisha bendera". Si kosa, lakini kutweka ni neno zuri la zamani. Tusilitupe. Neno bendera lenyewe tulilipata kwa Wareno, watu waliokuja pwani yetu kwa merikebu.

Kwa nini tujifunze maneno haya? Bendera yetu hupandishwa mbele ya ofisi na shule. Mara nyingine mtu huifunga kamba vibaya, ikapanda kichwa chini. Wapita njia huitazama. Wanaona kuna jambo, lakini hawawezi kusema ni jambo gani. Jioni inashushwa, na kesho inapanda vile vile.

Bendera ina pande mbili za kukumbuka. Upande unaofungwa kamba ni upande wa mlingoti. Upande ulio huru ni upande wa kupepea.

Sasa tazama ule mkanda mweusi. Haukulala wala haukusimama. Umekwenda mshazari, yaani umeinama kutoka pembe moja hadi pembe nyingine. Huanza chini, kwenye mlingoti, ukapanda hadi juu, kwenye upande wa kupepea. Ukiuona mkanda unaanza juu ya mlingoti na kushuka, basi bendera iko kichwa chini. Kipimo hiki hakikosei, hata ukiitazama bendera kwa nyuma.

Mkanda huo unaacha pembetatu mbili. Ya juu, iliyo karibu na mlingoti, ni ya kijani. Ya chini, upande wa kupepea, ni ya buluu. Kingo za mkanda mweusi zina mistari myembamba. Wengi huiita ya njano. Jina lake ni rangi ya dhahabu, kwa sababu ni alama ya madini yetu. Watu wa mkoa wa Mara wanaelewa haraka, maana Buhemba na Nyamongo hawako mbali. Kijani ni ardhi na mimea. Nyeusi ni watu. Buluu ni maji, yaani bahari, mito na maziwa, na Ziwa Victoria limo.

Rangi hizi zina historia. Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, bendera yake ilikuwa na mikanda iliyolala: kijani, nyeusi na kijani, ikitengwa na mistari ya dhahabu. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, ilikuwa na buluu, nyeusi na kijani. Nchi hizi ziliungana tarehe 26 Aprili 1964. Bendera ya sasa ikaanza kutumika tarehe 30 Juni mwaka huo huo. Buluu yetu imetoka Zanzibar.

BIBI NA BWANA

Tuje kwenye nembo ya taifa. Wananchi huiita "Bibi na Bwana". Wengine huiita ngao ya taifa. Majina yote yanaeleweka. Lakini ngao ni sehemu moja tu ya nembo, ile iliyo katikati.

Desturi ya kuchora alama juu ya ngao ilishika sana Ulaya, zaidi ya miaka 800 iliyopita. Askari wa farasi walivaa kofia za chuma zilizofunika uso. Mwenzake angemjuaje? Kwa picha iliyo kwenye ngao. Wafugaji wetu wanalijua jambo hili. Ng'ombe hupigwa chapa ili ajulikane ni wa nani. Na zamani neno nembo lilikuwa na maana ya chale na alama za mwilini.

Wataalamu wa nembo wa Uingereza hutaja rangi zao kwa maneno ya Kifaransa cha kale. Mkulima wa Kiingereza hawaelewi. Sisi tunataja zetu kwa Kiswahili, na kila mtu anaelewa.

Ngao yetu husomwa kutoka juu kwenda chini. Juu kabisa ni sehemu ya dhahabu, yenye mwenge unaowaka. Inafuata bendera. Chini yake ni sehemu nyekundu, yaani udongo wenye rutuba. Mwisho ni mawimbi ya maji. Juu ya hayo kuna jembe na shoka vilivyopishana, na mkuki uliosimama. Vifaa vya kazi na silaha ya ulinzi vimewekwa pamoja.

Mwanamume na mwanamke ni washika ngao. Wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, kila mmoja na pembe ya ndovu. Miguuni pa mwanamume kuna mkarafuu. Miguuni pa mwanamke kuna mpamba, zao wanalolijua wakulima wa kando ya ziwa. Utepe ulio chini una maneno mawili: Uhuru na Umoja.

Hapa wengi huchanganyikiwa. Mwanamume yuko kushoto kwako unayetazama. Lakini katika lugha ya nembo, kulia na kushoto huhesabiwa kwa mtu anayeibeba ngao, siyo kwa mtazamaji. Kwa hiyo mwanamume yuko upande wa kuume.

Jambo moja la tahadhari. Mtu akileta barua yenye Bibi na Bwana na kudai mchango, usitoe fedha kwa sababu ya picha hiyo tu. Nembo inaweza kunakiliwa. Tazama muhuri, sahihi na tarehe, kisha uliza ofisi ya kijiji au ya kata. Tangu mwaka 1971 tunayo sheria inayolinda bendera na nembo ya taifa.

NUSU MLINGOTI

Wakati wa msiba wa taifa, bendera hupepea nusu mlingoti. Mwalimu Nyerere alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, taifa liliomboleza siku 30. Alizikwa kwao Butiama. Rais Magufuli alipofariki tarehe 17 Machi 2021, zilikuwa siku 21.

Kuna utaratibu wake. Bendera haifungwi katikati moja kwa moja. Kwanza hupandishwa mpaka juu kabisa, ndipo inashushwa hadi nusu. Jioni hupandishwa tena mpaka juu, kisha inateremshwa chini na kukunjwa.