Nyuzi Zinazoushikilia Mwili

Leo tumefungua Ezekieli sura ya 37, lile bonde la mifupa mikavu. Kwa kawaida sisi wahubiri huikimbilia pumzi iliyowaingia wale wafu. Safari hii twataka kusimama kidogo kabla ya pumzi. Angalieni utaratibu wa nabii: mifupa yasogeleana, kisha yatiwa mishipa, ndipo yaja nyama, na mwisho ngozi. Neno "mishipa" laweza kutuchanganya, kwa kuwa Kiswahili hulitumia kwa njia za damu na hata kwa neva. Hapa yatajwa yale mafungo magumu yashikayo mfupa na mfupa, au nyama na mfupa. Kila mchinjaji ayajua, maana humsumbua kwa kisu.

Madaktari huyahesabu katika tishu unganishi, nayo imeenea mwili mzima. Ndani yake mna nyuzi za namna tatu. Kubwa ni kolajeni, ambayo ni karibu theluthi moja ya protini yote mwilini. Waliowahi kuona kamba ya katani ikisokotwa wataielewa upesi: nyuzinyuzi tatu husokotwa kuwa uzi mmoja, nyuzi nyingi hufungwa pamoja kuwa fungu, na mafungu kuwa kano. Kano ya kisigino hubeba uzito wa mtu mara kadhaa akimbiapo, wala haikatiki.

Namna ya pili ni elastini, nayo hunyumbuka. Mfinye mtoto mgongo wa mkono, ngozi itarudi mara moja. Jifinye mwenyewe ukiwa mzee, itarudi polepole. Mwili huzifuma nyuzi hizi hasa utotoni na ujanani. Ndizo zirudishazo mapafu baada ya kuvuta pumzi. Za tatu ni nyembamba, kama wavu, zikishikilia ini, wengu na uboho wa mifupa.

Sasa tuirudie kolajeni, maana ina siri moja. Zile nyuzinyuzi tatu hazishikani imara pasipo vitamini C. Mbuzi hujitengenezea vitamini hiyo mwilini mwake. Mwanadamu hawezi, lazima aile. Tena mwili haufumi mara moja ukapumzika: hufumua nyuzi kuukuu na kufuma mpya siku zote, hata ndani ya kovu la zamani. Vitamini ikikosekana kwa miezi kadhaa, kufumua kwaendelea na kufuma kwashindwa. Ufizi wavimba na kutoka damu, meno yalegea, makovu yafunguka. Katika safari ya Waingereza chini ya Anson, iliyoanza mwaka 1740, askari mmoja mzee alifunguka jeraha alilolipata vitani mwaka 1690! Ugonjwa huo ndio kiseyeye.

Pwani yetu ina sehemu katika habari hii. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498 akiwa na wagonjwa. Mfalme wa mji alimpelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa wakapona, na mwandishi wa shajara ya safari akamshukuru Mungu, akiisifu hewa ya Mombasa. Hewa! Waliporudi kutoka Bara Hindi walikaa baharini karibu miezi mitatu. Watu 30 walikufa, na katika kila merikebu wakabaki saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi. Walipotia nanga Malindi Januari 1499, nahodha alituma mtu pwani kutafuta machungwa. Kwa wengine yalichelewa. Baadaye waliichoma moto merikebu moja kwa kukosa mabaharia.

Mwaka 1747 daktari James Lind alijaribu dawa sita kwa mabaharia 12, wawili wawili. Waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wote. Hata hivyo jeshi la maji la Uingereza lilingoja hadi 1795 ndipo likaagiza maji ya limau kwa mabaharia wake. Huko ni kukawia kwa kusikitisha sana.

Tusidhani ni mambo ya merikebu tu. Katika miaka ya 1980 kiseyeye kiliwapata wakimbizi wa Ethiopia kambini Somalia na Sudan. Walipewa nafaka na mafuta. Tunda na mboga mbichi hazikuwamo.

Na katika mitaa yetu wako wazee waishio peke yao, hasa wajane wanaume ambao hawakuzoea jiko. Asubuhi chai na mkate, jioni ugali na chumvi. Twaenda kuwaamkia na kilo ya sukari na paketi ya unga, tukasali, tukarudi. Juma hili, mama na baba mtakaokwenda, mtazameni mzee ufizi na miguu. Kama ana kidonda kisichofunga, mpelekeni zahanati, kwani huenda ni ugonjwa wa sukari au jambo jingine. Lakini katika kikapu tieni pia mapera. Pera moja lampa mtu mzima vitamini C ya siku nzima. Na sukuma wiki mkimpikia, isikae motoni muda mrefu, wala yale maji yake msiyamwage.