Pale Mpangilio Unapobadili Jumla

Mwanafunzi aliyefaulu hisabati katika kidato cha 6 huingia chuo kikuu akitarajia hesabu zile zile, ila ndefu zaidi. Afikapo mwaka wa pili au wa tatu hukutana na somo liitwalo uchanganuzi, ambamo tarakimu ni chache na neno linalorudiwa kila ukurasa ni “thibitisha”. Wapo waliozoea alama za juu ambao hukwama hapo, wakadhani wamepungukiwa na akili. Hawakuambiwa mapema kwamba swali limebadilika. Sasa wanaulizwa: una haki gani ya kuichukua hatua hii?

Natuone kwa nini swali hilo ni la lazima. Chukua mfululizo huu usio na mwisho, na jumla yake tuiite J:

J = 1 – 1/2 + 1/3 – 1/4 + 1/5 – 1/6 + ...

Tukizifunga sehemu mbili mbili, kila jozi ni chanya, na jozi ya kwanza peke yake ni 1/2. Kwa hiyo J si sifuri. Thamani yake ni 0.693 hivi. Sasa tuzipange upya sehemu hizo hizo, bila kuacha hata moja wala kuirudia, kila chanya ikifuatwa na hasi mbili:

1 – 1/2 – 1/4 + 1/3 – 1/6 – 1/8 + 1/5 – 1/10 – 1/12 + ...

Toa 1/2 katika 1, toa 1/6 katika 1/3, toa 1/10 katika 1/5, na kuendelea. Yanabaki haya:

1/2 – 1/4 + 1/6 – 1/8 + 1/10 – 1/12 + ...

Hii ni nusu ya J kamili! Namba zile zile, jumla nyingine. Kanuni tuliyofundishwa shule ya msingi, kwamba mpangilio haubadili jumla, ni ya kweli kwa namba zenye hesabu maalumu. Hakuna aliyeahidi kwamba itafuata hadi kusiko na mwisho.

Mwaka 1837 Dirichlet, mwanahisabati wa Ujerumani, alionyesha mpaka ulipo: ikiwa mfululizo una jumla hata alama zote za kutoa zikigeuzwa kuwa za kujumlisha, basi upange upendavyo. Mfululizo wetu hauna sifa hiyo. Nicole Oresme wa Ufaransa aliliona jambo hili tangu karne ya 14: katika 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 + ..., sehemu 1/3 na 1/4 kwa pamoja huzidi 1/2, nne zifuatazo huzidi 1/2 tena, nane baada ya hizo vivyo hivyo, na jumla hukua bila kikomo.

Riemann, katika tasnifu yake ya mwaka 1854, alikwenda mbali zaidi. Alionyesha kwamba mfululizo wa namna hii waweza kupangwa ulete jumla yoyote uitakayo. Njia yake ni nyepesi kuliko sifa yake. Chanya peke yake hukua bila kikomo, na hasi kadhalika. Ni visima viwili visivyokauka. Ukiwa chini ya lengo, chota chanya. Ukilipita, chota hasi. Kwa kuwa sehemu zenyewe huzidi kuwa ndogo, kosa nalo hupungua kuelekea sifuri.

Masomo mengine ya miaka hiyo yana tabia hiyo hiyo. Aljebra ya makundi, kwa mfano, huchunguza vitendo ambavyo utaratibu wake haugeuziki, kama kuvaa soksi na kuvaa kiatu.

Mwalimu anaweza kulijaribu jambo hili darasani kwa kikokotoo. Lengo liwe 2. Sehemu 8 za kwanza zenye asili witiri, yaani hadi 1/15, huleta 2.02, toa 1/2, ibaki 1.52. Wanafunzi waendelee kuanzia 1/17: watahitaji sehemu 13, hadi 1/41, ndipo waipite 2 tena. Kisha watoe 1/4, na waendelee.