Kupiga Jeki, Kuinua na Kupandisha: Msamiati wa Wishboni za Mbele

Kitenzi *inua* kimebeba mzigo mkubwa katika maandishi ya ufundi wa magari. Gari lililoinuliwa laweza kuwa lile lililowekwa juu ya jeki kwa nusu saa ili gurudumu litolewe. Laweza pia kuwa lile lililofungwa springi ndefu zaidi, likabaki juu hata linapotembea barabarani. Katika gereji utata huu hautambuliki, kwa kuwa fundi na msaidizi wake wanalitazama gari lenyewe. Mfasiri wa mwongozo wa ufundi hana fursa hiyo. Msomaji wake atafuata maneno yaliyoandikwa, na neno likiteleza, bolti itakazwa wakati usiofaa.

Makala haya yanafafanua maneno hayo kwa kufuata kazi moja: kubadilisha wishboni za juu za mbele katika pikapu iliyopandishwa. Mfano unaotumika ni Toyota Hilux ya kizazi kilichoanza kuuzwa mwaka 2004, gari linalojulikana sana Afrika Mashariki. Wamiliki wengi hulipandisha kwa takribani milimita 50 ili lipite kwenye mashimo, mawe na matope bila kugusa chini.

Kifaa na kazi yake

Kila gurudumu la mbele la Hilux hiyo limeshikwa na wishboni mbili, ya juu na ya chini. Wishboni ni chuma chenye umbo la panda, yaani chenye matagaa mawili upande mmoja na ncha moja upande wa pili. Matagaa hufungwa kwenye chasisi kwa bolti zinazopita ndani ya bushi, na ncha hushika kifaa kinachobeba kitovu cha gurudumu kwa boljointi. Bushi huiruhusu wishboni kupanda na kushuka kama mlango kwenye bawaba. Boljointi huliruhusu gurudumu kupanda, kushuka na pia kugeuka kushoto na kulia linapofuata usukani. Springi na shokomzoba, ambayo mafundi wengi huiita *shokapu*, hukalia wishboni ya chini. Kwa hiyo wishboni ya chini hubeba uzito, na ya juu huliweka gurudumu katika pembe yake.

Kasoro za “mkono wa kudhibiti”

Jina la Kiingereza la kifaa hiki likifasiriwa neno kwa neno, hupatikana *mkono wa kudhibiti*. Tafsiri hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, *kudhibiti* humfanya msomaji afikirie usukani au breki, ilhali wishboni haiendeshwi na dereva; huongoza tu njia ambayo gurudumu hupita linapopanda na kushuka. Pili, *mkono* katika Kiswahili hutaja pia upande: *mkono wa kushoto* ni upande wa kushoto. Agizo kama “fungua mkono wa kushoto” linaweza kueleweka kuwa “anza na upande wa kushoto”, na msomaji asijue kifaa kinachofunguliwa. Kulifupisha jina hilo kuwa *ami* hakusaidii, kwa kuwa neno hilo tayari ni jina la ndugu wa baba.

*Wishboni*, pamoja na kivumishi *ya juu* au *ya chini*, haina utata huo. Neno hili huingia katika ngeli ya I-ZI: wishboni imepinda, wishboni zimepinda. Panapohitajika ufafanuzi, *chuma chenye umbo la panda* hutosha, kwa kuwa wasomaji wanalijua neno *panda* kutokana na *njia panda*.

Kinachobadilika gari linapopandishwa

Springi ndefu inapoisukuma chasisi juu, wishboni huinama zaidi kuelekea gurudumu. Mabadiliko matatu hufuata, na kila moja linahitaji maneno yake.

La kwanza ni *kasta*. Gari likitazamwa ubavuni, mstari wa kuwaza unaopita katika boljointi ya chini na ya juu huegemea nyuma kidogo. Mwegemeo huo ndio unaoufanya usukani ujirudishe wenyewe baada ya kona. Hilux inapopandishwa, boljointi ya juu husogea mbele na mwegemeo hupungua. Dereva huona gari likitangatanga katika mwendo wa kasi, na usukani ukichelewa kurudi. Wishboni ya juu iliyotengenezwa kwa gari lililopandishwa huiweka boljointi nyuma zaidi ili kuurejesha mwegemeo huo.

La pili ni *kemba*, yaani kuegemea kwa gurudumu ndani au nje gari linapotazamwa kwa mbele. Yafaa neno hili liandikwe kwa irabu *e*. Likiandikwa *kamba*, sentensi “rekebisha kamba ya gurudumu la mbele” itamfanya msomaji atafute kamba.

La tatu ni nafasi. Gurudumu linaponing’inia kabisa, kama gari linapovuka tuta au shimo, boljointi ya kiwandani hukaribia mwisho wa pembe yake, na wishboni ya juu inaweza kugusa springi. Wishboni mpya huwa na boljointi inayoruhusu pembe kubwa zaidi na umbo linaloiacha springi huru. Hata hivyo, hairekebishi kila kitu. Ekseli zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele hubaki zimeinama vilevile. Kwa hiyo mfasiri asiandike kuwa wishboni mpya “hurudisha pembe zote za kiwandani”. Aitaje pembe inayorudishwa.

Kushikiza na kukaza

Hapa ndipo tofauti ya vitenzi inapogusa usalama na mfuko wa mwenye gari. Bushi nyingi za kiwandani ni za mpira ulioshikamana na bomba la chuma ndani na nje. Bolti ikikazwa, bomba la ndani hubanwa lisizunguke, na mpira wenyewe hujisokota kila wishboni inapopanda au kushuka. Bolti ikikazwa wakati gurudumu linaning’inia, mpira huchukua hali hiyo kuwa mapumziko yake. Gari likiteremshwa, mpira hubaki umesokotwa saa zote, hata gari likiwa limeegeshwa, na huchanika mapema.

Ndiyo sababu miongozo huagiza bolti za bushi zikazwe gari likiwa katika kimo chake cha kawaida. Mfasiri anayejua kuwa kazi inahusu gari “lililoinuliwa” anaweza kuandika: “Kaza bolti za bushi gari likiwa limeinuliwa.” Sarufi ya sentensi hiyo haina kosa, lakini fundi atakayeitii ataziharibu bushi mpya. Tafsiri inayofaa ni hii: “Shikiza bolti za bushi gari likiwa juu ya jeki. Zikaze baada ya magurudumu kukanyaga chini na kubeba uzito wa gari.”

*Shikiza* hapa ni kuifunga bolti kiasi cha kuishika mahali pake, bila kuibana. *Kaza* ni kuifikisha kwenye nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Jozi hii hutenganisha vizuri hatua mbili ambazo *funga* pekee huzichanganya. Nati ya boljointi haisubiri magurudumu yakanyage chini: hukazwa mara moja, kisha huwekewa pini ya kuizuia isijifungue.

Bushi za poliyurethani kwa kawaida huzunguka kwenye bomba lake badala ya kujisokota, nazo huhitaji grisi. Kwa hiyo aina ya bushi nayo itajwe waziwazi. Mpira na poliyurethani visiitwe vyote *bushi laini*.

Kazi hii humalizika kwa kupima na kurekebisha pembe za magurudumu, ambayo gereji nyingi huiita *alaimenti*. Mwongozo usiishie kwenye kukaza bolti, kwa kuwa wishboni mpya isiyopimwa inaweza kuzila tairi upande mmoja.

Muhtasari wa matumizi

*Piga jeki*: kuliinua gari kwa muda ili kazi ifanyike. Kinyume chake ni *teremsha*.

*Pandisha*: kubadilisha springi au viungo ili gari likae juu daima. *Gari lililopandishwa* ndilo jina la gari la namna hiyo.

*Inua*: litumike panapoonekana wazi kinachoinuliwa na muda wake, mfano: “inua wishboni ya chini kwa jeki ndogo”.

*Gurudumu* na *tairi*: gurudumu ni ringi pamoja na tairi, tairi ni mpira wa nje. Gurudumu hufunguliwa, tairi huchakaa.

*Shikiza* na *kaza*: yasibadilishane katika agizo lolote linalohusu bolti za bushi.