Muziki Usiokatika (2): Kidole Juu ya Santuri

Wiki iliyopita tuliishia usiku wa tarehe 28 Juni 1969, polisi wa New York walipovamia baa ya Stonewall Inn na wateja wake, wengi wao wapenzi wa jinsia moja, wakagoma kutawanyika. Enzi hizo wanaume wawili wakicheza pamoja waliweza kukamatwa. Pale Stonewall taa zikiwaka ghafla kila mtu alijua maana yake: achaneni, polisi wamefika.

Tuzikumbuke taa hizo, maana ndizo zinazonifanya niwathamini madijei wa wakati ule.

Februari 1970, dijei David Mancuso aliandaa dansi nyumbani kwake, 647 Broadway. Aliingia aliyealikwa tu, na pombe haikuuzwa. Weusi, Walatino na weupe walicheza bega kwa bega mpaka alfajiri, hawana haja ya kutazama mlango. Mahali hapo pakaja kujulikana kama The Loft.

Wakati huohuo, katika jengo lililokuwa kanisa, ukumbi wa Sanctuary, dijei Francis Grasso alipanga mashine zake za santuri pale palipokuwa madhabahu. Tazameni mkono wake. Sahani ya mashine inazunguka, lakini santuri iliyo juu yake imetulia: kidole kimeizuia, na kitambaa laini kinateleza chini yake. Wimbo wa kwanza bado unalia ukumbini. Wa pili anausikiliza peke yake kwa hedifoni. Mapigo yakilingana, anaachia kidole. Hakuna kimya, hakuna anayerudi kitini. Kwa watu waliozoea kukatishwa dansi na taa, nadhani huo ulikuwa ukarimu mkubwa kuliko ufundi wenyewe.

Afrika nayo ilikuwemo. Mancuso aliipata "Soul Makossa" ya Manu Dibango wa Kameruni katika duka la Wajamaika, Brooklyn. Ulikuwa wimbo wa upande wa pili tu; wimbo wa upande wa kwanza ulitungwa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 1972. Wacheza dansi wa The Loft waliudaka, na 1973 ukaingia kwenye chati za Marekani.

Punde dakika tatu za santuri ndogo zikawa hazitoshi. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul ilitoa madukani "Ten Percent" ya Double Exposure kwenye santuri ya inchi 12, dijei Walter Gibbons akiwa ameirefusha ikapita dakika 9.

Wiki ijayo tutaingia klabu ya Paradise Garage, kwa dijei Larry Levan.