Soko la filta za tangi la samaki: yenye kelele ndiyo ghali

MNUNUZI wa samaki wa mapambo huko Ulaya huenda analijua jina la Ikola kuliko wakazi wengi wa Dar es Salaam. Kijiji hicho cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi, kimempa jina lake samaki wa jamii ya Tropheus, mweusi mwenye mkanda mpana wa njano. Biashara ya kusafirisha samaki hai wa ziwa hilo ilikuwa imeshamiri tangu miaka ya 1970. Lakini mkazi wa Mwese, kwenye nyanda za juu za wilaya hiyo hiyo, anayetaka tangi dogo sebuleni kwake, anunue filta ipi?

Kwanza, Tropheus si wa tangi dogo. Tangi la lita 60 linawafaa wale wadogo, wasiozidi sentimeta 6 hivi, wanaoishi ndani ya magamba ya konokono. Wote lakini wanataka maji ya ziwani kwao: yenye madini, joto la nyuzi 24 hadi 27, na pH inayokaribia 9. Maji ya kijito cha mlimani yapimwe kwanza kabla ya kumwagiwa samaki.

Hapo ndipo kelele inapogeuka hasara. Filta inayounguruma huzimwa usiku watu walale. Ndani yake wamo bakteria wanaokula amonia ya kinyesi cha samaki, nao bila maji yanayopita hukosa oksijeni na kuanza kufa. Kwenye maji ya pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 inazidi theluthi moja. Kwa hiyo uzembe ambao samaki wa maji laini angeuvumilia, huyu wa Tanganyika haumsamehi.

Madukani zipo aina tatu kubwa. Ya kuning'inizwa ukingoni ni kimya maadamu tangi limejaa. Maji yakipungua vidole viwili, huanguka kama bomba lililoachwa wazi. Tena umeme ukikatika, baadhi hushindwa kuvuta maji unaporudi, na mota ikazunguka kavu. Ya ndoo, inayokaa chini ya meza, kama zile za Eheim ya Ujerumani, ndiyo kimya kuliko zote, ila bei yake ni ya tangi kubwa na vipuri vyake havipatikani kila mji.

Ya tatu ni ya sponji, inayosukumwa na pampu ndogo ya hewa. Wauza fahari huidharau. Kwa Mwese, ukurasa huu unaipa alama ya juu: umeme ukirudi huanza yenyewe, haina mota ndani ya maji, na sponji husuuzwa kwa maji yaliyotolewa tangini, si ya bomba yenye klorini.

Mlio wake hutoka kwenye pampu, si kwenye sponji. Pampu iwekwe juu ya kipande cha godoro au kandambili kuukuu, isiguse ukuta wala kabati. Ikae juu kuliko usawa wa maji, au mrija utiwe valvu ya kuzuia maji kurudi. Vinginevyo umeme ukikatika maji hushuka hadi kwenye pampu. Mapovu yakipiga kelele, punguza hewa.

Kwa hesabu ya umeme, pampu ya wati 3 ikifanya kazi saa 24 hutumia uniti 2 na kidogo kwa mwezi. Usiku wa saa 12 ni wati-saa 36, mzigo ambao betri ya sola ya nyumbani inaumudu. Anayeula umeme hasa ni hita, na Mwese kuna baridi: ya wati 50 ikiwaka nusu ya siku ni uniti 18 kwa mwezi. Mwenye sola peke yake apige hesabu ya hita kabla ya filta.

Dukani, mwombe muuzaji aichomeke pampu na kuiweka juu ya meza ya mbao, kisha uweke kiganja mezani. Meza ikitetemeka, itatetemeka na ya kwako. Uliza pia kama anauza kiwambo cha mpira cha ndani, maana ndicho kinachochoka mapema na kuanza kupiga makelele. Asiyekuwa nacho anakuuzia pampu ya muda.