Je, Wajua? Zaïko Langa Langa walitikisa bila tarumbeta

Zaïko Langa Langa ilizaliwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969. Wakati OK Jazz, bendi ya Franco, ikitamba kwa tarumbeta na saksofoni, vijana hawa waliviacha vyombo hivyo, wakaweka magita ya umeme mbele na dramu nzito nyuma. Mpiga dramu wao, Meridjo Belobi, ndiye anayetajwa kuwa baba wa kavacha, mdundo unaosemekana kutokana na mlio wa gari-moshi. Sebene, ile sehemu ya wimbo ya magita na kucheza, ikichemka hapa Aru, Ariwara au ng'ambo ya mpaka huko Arua, mara nyingi ni kavacha inayokuinua kitini.

Papa Wemba aliimba humo tangu mwanzo, akaondoka mwishoni mwa 1974 kuunda Isifi Lokole. Mwaka 1988 bendi ilipasuka tena, likazaliwa kundi la Familia Dei. Mwimbaji Nyoka Longo alibaki na jina la Zaïko, na analo hadi leo.

Albamu ipi ni bora? Mimi nasema Nippon Banzai ya 1986, iliyotokana na ziara ya Japani. Waimbaji wanapokezana bila kusukumana, magita yanajibizana, na dramu haichoki. Sève ya 2019, ya kusherehekea miaka 50, naiheshimu sana, lakini kwa sikio langu imesafishwa mno studioni.

Kijana unayeijua Zaïko kwa jina tu, anza na Nippon Banzai, na usikate wimbo kabla sebene haijafika.