Nachingwea na Ruangwa: Sayansi ya darasa la saba ipo nje ya mlango

Tarehe 20 Oktoba, saa sita na dakika kumi mchana, simamisha fimbo iliyonyooka kwenye uwanja wowote mjini Nachingwea. Utatafuta kivuli chake usikione. Jua linakuwa utosini kabisa, na kivuli chote kinaishia kwenye shina la fimbo. Ruangwa mambo ni hayohayo, maana wilaya hizi mbili za mkoa wa Lindi ziko nyuzi 10 hivi kusini mwa Ikweta.

Watoto wengi wanaweza kukariri kwamba dunia hujizungusha kwenye mhimili wake na pia hulizunguka jua. Ukimuuliza mmoja wao kwa nini kivuli kimepotea leo na mwezi Juni kilikuwa kirefu, anakaa kimya. Maneno anayo, kitu chenyewe hajakiona. Na mzazi aliyemaliza la saba miaka 20 iliyopita naye anabaki kuangalia simu.

Nachingwea na Ruangwa mtu hahitaji maabara kwa mambo haya. Jua, maji, udongo na mawe ya huko yanafundisha karibu mada zote za sayansi ya maumbo na ya dunia zinazofundishwa shule ya msingi.

Fimbo, kivuli na saa

Mhimili wa dunia umeinama. Kwa hiyo, dunia inapolizunguka jua, mahali ambapo jua linasimama wima hubadilika kila siku. Juni linakuwa mbali kaskazini, Desemba linafika kusini, kwenye Tropiki ya Kaprikoni. Likishuka kusini linapita juu ya Dar es Salaam takribani tarehe 10 Oktoba, na siku kumi baadaye linafika Nachingwea. Likirudi linapita tena tarehe 21 au 22 Februari.

Ndiyo maana kivuli hupotea mara mbili kwa mwaka. Kwa mtoto anayefanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mwezi Septemba, Oktoba imechelewa, atumie Februari. Ila aangalie saa vizuri, maana Februari kivuli kinapotea kwenye saa sita na dakika 38, wala si saa sita kamili.

Kwa nini isiwe saa sita kamili? Saa ya Tanzania inafuata mstari wa longitudo nyuzi 45 mashariki, ambao uko nje kabisa baharini. Nachingwea iko karibu nyuzi 39. Dunia hutumia dakika 4 kuzunguka nyuzi moja, hivyo jua linachelewa kufika juu ya Nachingwea kwa dakika 24 au 25. Dakika zinazobaki, zile zinazotofautisha Oktoba na Februari, zinatokana na mwinamo wa mhimili na njia ya dunia ambayo si duara kamili.

Fimbo ya mita moja inatoa kivuli cha sentimita 67 hivi adhuhuri ya mwishoni mwa Juni, kikielekea kusini. Desemba kinakuwa sentimita 23 tu, tena kinaelekea kaskazini. Mtoto akipima mwenyewe kwa rula, hasahau.

Hapohapo kuna kosa moja sugu, hata kwa watu wazima: kwamba Oktoba na Novemba kuna joto kwa sababu dunia imelikaribia jua. Siyo. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Katika mwezi huohuo wa Januari watu wa Ulaya wanatetemeka kwa baridi. Kinachofanya kazi kubwa ni namna miale inavyopiga ardhi: ikishuka wima, nguvu yake inakusanyika sehemu ndogo, ikija kwa kulala, inasambaa. Nachingwea na Ruangwa, Oktoba inachanganya jua la utosi na ardhi iliyokauka ambayo bado haijapata mvua. Lazima watu walalamike.

Mtungi, bati na umande

Joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho, myuko na mnururisho. Bati la nyumba hupata joto la jua kwa mnururisho, yaani bila kitu chochote kushikana na jua. Joto hupita ndani ya bati kwa mpitisho. Hewa iliyopata moto hupanda juu, hewa baridi ikachukua nafasi yake. Huo ndio myuko. Nyasi za kuezekea zina hewa nyingi iliyonaswa katikati, na hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Bibi anayesema nyumba ya nyasi ni baridi ana hoja.

Mtungi wa udongo nao hauna uchawi. Una vitundu vidogo sana, maji yanapenya hadi nje, yanakuwa mvuke, na yanapogeuka mvuke yanachukua joto kutoka kwenye maji yaliyobaki. Huo ni uvukizaji. Kiangazi mtungi hupoza sana kwa sababu hewa ni kavu. Masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, hupoza kidogo tu.

Kinyume chake ni utoneshaji, mvuke kugeuka maji, na mkulima wa korosho anaukuta kila alfajiri kwenye majani. Usiku usio na mawingu majani hupoteza joto lake kwenda angani, yanapoa kuliko hewa, na mvuke unaoyagusa unakuwa umande.

Sasa kumbuka wakati wakulima wanapopuliza salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga. Wanaamka kabla ya jua. Saa hiyo hewa ya chini ni baridi na imetulia, vumbi la salfa linaning'inia kwenye matawi, na majani yenye umande yanalishika. Subiri hadi saa nne asubuhi uone: ardhi imepata joto, hewa inapanda, upepo umeanza, na salfa uliyoinunua kwa hela yako inaondoka kwenda kwa jirani. Huo ni myuko uleule wa kwenye daftari, ila hapa unagharimu pesa. (Na anayepuliza afunike pua na mdomo, vumbi lile halichagui.)

Maji yanapojificha

Mzunguko wa maji huchorwa kwa mishale: bahari, mvuke, mawingu, mvua, mto, bahari tena. Mshale mmoja husahaulika mara nyingi, ule unaozama ardhini.

Wanaouelewa vizuri ni watu wa Uwanda wa Juu wa Makonde, upande wa Newala na Tandahimba. Mvua hunyesha huko, lakini ardhi yake inanyonya maji haraka mno, hayabaki juu. Kwa vizazi vingi watu walishuka mabondeni kuchota maji, kisha wakapanda nayo kichwani. Maji hayo hayakuwa yamepotea. Yalikuwa yanashuka taratibu ndani ya ardhi mpaka yanapokuta tabaka lisilopitisha maji, yanatembea juu yake, na mwisho yanatokeza chini ya uwanda kama chemchemi. Chemchemi za Mbwinji, upande wa Masasi, ndizo zinazolisha mradi wa maji unaohudumia Masasi na Nachingwea. Maana yake, mtu anayefungua bomba Nachingwea mwezi wa tisa, wakati hakuna hata wingu, anakunywa mvua iliyonyesha zamani.

Ukikata miti na kuiacha ardhi wazi juu ya chanzo, mvua inapiga, inakimbia juu juu kama mafuriko, na kiasi kinachozama kinapungua. Chemchemi haikauki siku hiyo. Inapungua baadaye, wakati waliokata wameshasahau.

Karanga zilizowashinda wakubwa

Nachingwea ina somo la udongo ambalo lilitikisa serikali nzima. Mwaka 1947 Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mpango ulikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3, yakiwemo maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta, ikajengwa bandari Mtwara na reli hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na hasara ikawa takribani pauni milioni 36. Reli yenyewe iling'olewa miaka ya 1960.

Sababu zilikuwa nyingi: haraka, mashine zilizochoka, mipango ya mezani. Nachingwea, pori nene na umbali vilitesa sana. Lakini Kongwa, ambako kazi ilianza, kulikuwa na kosa la kiwango cha darasa la nne. Udongo wake una mfinyanzi mwingi na mvua yake ni ya mashaka. Ukilowa unanata, ukikauka unakuwa kama tofali.

Na karanga ina tabia yake. Ua linatoka juu, kwenye mwanga. Likishachavushwa, kikonyo chake kinarefuka kuelekea chini na kujichomeka ardhini, halafu ganda linakua humo. Ardhi ikiwa ngumu, kikonyo hakiingii. Hata kikiingia, siku ya kung'oa karanga zinabaki chini. Mkulima yeyote wa karanga au njugu mawe wa Nachingwea angewaambia hayo bure.

Udongo wa aina tatu, kichanga, tifutifu na mfinyanzi, unaweza kupimwa kwa chupa ya maji ya plastiki. Jaza udongo hadi theluthi, ongeza maji karibu ijae, tikisa kwa nguvu, kisha iweke isiguswe. Mchanga utatua kwanza, ndani ya dakika chache, kwa sababu chembe zake ni kubwa. Chembe za kati zinachukua saa kadhaa. Mfinyanzi unaweza kuchukua siku nzima au zaidi, na maji yakabaki na rangi. Pima unene wa kila tabaka kwa rula. Shamba ambalo tabaka la mfinyanzi ni nene mno siyo la karanga.

Jiwe linaloandika

Ruangwa ina utajiri wa kinywe, madini ambayo kampuni za nje zimeyafuata kwa miaka mingi. Mgodi wa Lindi Jumbo uko wilayani humo. Jirani, Nachingwea, kuna nikeli eneo la Ntaka. Yote mawili yanatakiwa kwenye betri za magari ya umeme.

Lakini kinywe kipo tayari kwenye kila mkoba wa shule. Ile nyeusi ya penseli, ambayo wengine huiita risasi, haina risasi hata kidogo. Ni kinywe kilichochanganywa na mfinyanzi. Kinywe ni kaboni, sawasawa na almasi ya Mwadui. Tofauti ni mpangilio: kwenye almasi chembe za kaboni zimefungana pande zote, kwenye kinywe zimepangwa kwa matabaka yanayoteleza. Unapoandika, matabaka yanabanduka na kubaki kwenye karatasi.

Kilifikaje Ruangwa? Miamba iko ya aina tatu: miamba ya moto, miamba tabaka na miamba geu. Matope yenye mabaki ya viumbe yalijilundika zamani sana, yakawa miamba tabaka. Baadaye yalizikwa kina kirefu, yakabanwa na kupata joto kali kwa mamilioni ya miaka, na kaboni iliyokuwemo ikageuka kinywe. Hivyo Ruangwa ni miamba geu. Tendaguru, mkoa huohuo wa Lindi, ni miamba tabaka ambayo haikupikwa namna hiyo, na ndiyo maana ilihifadhi mifupa ya yule mjusi mkubwa wa miaka milioni 150 iliyopita. Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913, na leo amesimamishwa Berlin, urefu wa zaidi ya mita 13. Kwenye joto la kutengeneza kinywe, mifupa ile isingebaki na umbo lake.

Hata mada ya kuelea na kuzama imo. Kinywe ni kizito mara mbili na zaidi kuliko maji, hivyo kipande chake kinazama. Lakini hakipendi maji. Migodi husaga jiwe, huchanganya na maji na mafuta kidogo, kisha hupuliza mapovu. Chembe za kinywe zinanasa kwenye mapovu na kupanda juu, mchanga unabaki chini, povu jeusi linakusanywa.

Jaribio la mwisho linahitaji penseli, betri mbili au tatu za tochi, taa ndogo ya tochi na vipande vya waya. Chonga penseli pande zote mbili. Unganisha betri na taa, na katikati ya njia weka penseli, waya mmoja ukigusa ncha hii na mwingine ncha ile. Taa itawaka, ingawa kwa kufifia, maana kinywe ni kipitishi cha umeme japo si chuma. Kisha hamisha waya uguse mbao ya penseli. Taa itazima, mbao ni kihami.

Zitumike betri za tochi tu. Soketi ya ukutani isiguswe kabisa, hata kama mtoto anasisitiza kwamba ndiko kwenye umeme mwingi.